Uigaji wa mwendo wa Brown: dalili za makosa na vyanzo vyake

Programu inayoiga usambaaji wa chembe ndogo ndani ya maji ina hatari moja: ukikosea, haikuambii. Itachora njia zilezile za kujipindapinda hata kama chembe zako zinasambaa mara elfu kuliko inavyotakiwa. Mwendo wa Brown (chembe kusukumwa ovyo na molekuli za maji) una sura ileile ukiutazama kwa karibu au kwa mbali, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Kinachofichua kosa ni namba, na karibu kila kosa lina namba yake. Ndiyo maana tunaanza na unachokiona kwenye matokeo, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye mstari wa msimbo wenye tatizo.

## Kwanza pata kipimo cha kulinganishia

Mifano yote hapa inatumia tufe la polistirini lenye kipenyo cha µm 1, ndani ya maji ya nyuzi 25 za Selsiasi. Namba zake ni hizi:

- nusukipenyo a = 0.5 µm
- halijoto T = 298.15 K, hivyo kT = 4.12 × 10⁻²¹ J (k hii ni kidumu cha Boltzmann)
- mnato wa maji η = 0.89 mPa·s, yaani 0.00089 Pa·s
- ukinzani wa maji γ = 6πηa = 8.39 × 10⁻⁹ kg/s
- kizigeu cha usambaaji D = kT/γ = 0.49 µm²/s

Hatua moja ya uigaji, kwa kila mhimili, ni hii:

x mpya = x ya zamani + (F/γ)·Δt + √(2DΔt)·ξ

F ni kani inayoisukuma chembe (kwa chembe huru ni sifuri). ξ ni namba nasibu ya mgawanyo wa Gauss, yenye wastani 0 na varianzi 1, varianzi ikiwa ni wastani wa mraba wa mkengeuko. Kila mhimili, wa kila chembe, katika kila hatua, unapata ξ yake mpya. Kwa Python na NumPy, hatua ya chembe huru haizidi mstari mmoja:

```
x += np.sqrt(2*D*dt) * rng.standard_normal((N, 3))
```

Ukiweka Δt = 1 ms, ukubwa wa kawaida wa hatua kwenye mhimili mmoja ni √(2 × 0.49 × 0.001) = 0.031 µm, yaani nm 31. Chapisha namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikitoka 31 × 10⁻¹⁵ au 31, usiendelee.

Kisha endesha jaribio la msingi: chembe huru 10,000, mihimili mitatu, hatua 1,000 za ms 1. Pima wastani wa mraba wa msogeo (tutauita WMM, programu nyingi huuandika MSD). Baada ya sekunde 1 unapaswa kuwa 6Dt = 2.94 µm². Kosa la kinasibu la kipimo hiki ni √(2/(3 × 10,000)), karibu asilimia 0.8, kwa hiyo jibu sahihi litaangukia kati ya 2.87 na 3.02. Likitoka nje ya hapo usiite bahati mbaya. Msimbo una kosa, na hakuna sababu ya kuongeza kuta, kani wala chembe nyingine mpaka jaribio hili lipite.

## Dalili: WMM ni mstari mnyoofu, lakini mteremko si wenyewe

Gawanya mteremko ulioupata kwa ule unaotarajiwa. Uwiano huo ndio unaokuelekeza.

Ukipata 0.5, ama umeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo, ama umesahau 2 iliyo ndani ya kipeuo (√). Chapisha γ. Ikiwa ni 1.68 × 10⁻⁸ badala ya 8.39 × 10⁻⁹, kosa ni kipenyo. Ikiwa γ ni sahihi, kosa ni ile 2. Watengenezaji wa chembe za maabara huandika kipenyo kwenye chupa, fomula ya Stokes (γ = 6πηa) inataka nusu yake, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Ukipata 2 au 3, umechukua fomula ya WMM ya mihimili miwili (4Dt) au mitatu (6Dt) ukaiingiza kwenye hatua ya kila mhimili. Idadi ya mihimili huingia wakati wa kupima WMM tu. Kwenye hatua, daima ni 2D. Uwiano wa 0.67 una undugu na kosa hilo: umepima x na y peke yake, kisha ukagawanya kwa 6t badala ya 4t.

Ukipata 0.33, namba zako nasibu si za Gauss. Zimetoka kwenye mgawanyo sawa wa kati ya −1 na 1, ambao varianzi yake ni 1/3. Zidisha kwa √3 na WMM utarudi mahali pake. Kwa usambaaji wa kawaida hilo linatosha, kwa sababu hatua nyingi zikijumlishwa huzaa mgawanyo wa Gauss zenyewe. Lakini kama unatafuta matukio adimu, mfano muda wa chembe kuruka kizuizi au kufika ukutani kwa mara ya kwanza, tumia Gauss halisi, kwa sababu mgawanyo sawa unakata zile hatua ndefu za nadra ambazo ndizo unazozihitaji.

Uwiano wa 0.08 unahitaji uangalifu, kwani makosa mawili tofauti yanakutana hapo. Ukiweka T = 25 badala ya 298.15 unapata 0.084. Ukitumia mgawanyo sawa wa 0 hadi 1 na kutoa 0.5, varianzi ni 1/12, yaani 0.083. Kwa chembe 10,000 ni vigumu kuyatenganisha kwa WMM peke yake. Chora histogramu ya hatua moja: ikiwa bapa kama meza, kosa ni namba nasibu, ikiwa na umbo la kengele, kosa ni halijoto.

Ukipata 0.001, huenda umeandika mnato kama 0.89 ukasahau mili. Ukipata 10¹² au kinyume chake, umechanganya mita na mikromita kwenye D, ambayo ina mraba. Namna bora ya kuepuka familia hii yote ni kuacha vipimo vya kawaida ndani ya msimbo na kutumia vya chembe yenyewe: urefu kwa a, nishati kwa kT, muda kwa a²/D. Kwa chembe yetu a²/D ni sekunde 0.51. Ndani ya programu D inakuwa 1, a inakuwa 1, na unabadilisha vipimo mara moja tu, mwishoni, wakati wa kuchora grafu.

## Dalili: D inabadilika ukibadilisha Δt

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko mengine, na ndilo linalojificha vizuri zaidi, kwa sababu kwa Δt moja kila kitu huonekana sawa. Endesha jaribio la msingi mara tatu, kwa Δt ya ms 1, ms 0.5 na ms 0.25, huku muda wote ukibaki sekunde 1. D lazima ibaki palepale. Ikipungua nusu kila Δt inapopungua nusu, umezidisha kelele (ile sehemu ya hatua yenye ξ) kwa Δt badala ya √Δt.

Sababu yake ni hii. Msogeo unaotokana na kani hujumlishwa moja kwa moja: hatua kumi za upande mmoja ni mara kumi ya hatua moja. Misukumo ya molekuli za maji haina upande, kwa hiyo miraba yake ndiyo inayojumlishwa: hatua n zenye ukubwa s zinakupeleka mbali kwa s√n tu. Ukikata Δt katikati, idadi ya hatua inakuwa maradufu, na ili jumla ya miraba isibadilike kila hatua lazima ipungue kwa √2, si kwa 2.

Angalia mtego uliopo. Kwa Δt = 0.001 s, kosa hili linatoa uwiano wa 0.001 kamili, uleule wa mnato uliosahauliwa mili. Mtu anarekebisha mnato kwa kuupunguza mpaka jibu likubali, na sasa ana makosa mawili yanayofutana kwa Δt moja tu. Kwa hiyo usirekebishe chochote kabla ya kubadilisha Δt. Uwiano ukibaki 0.001, shughulikia mnato, ukigeuka 0.0005, shughulikia kelele.

Ndugu wa kosa hili anapatikana kwa wanaotumia vitatuzi vya milinganyo ya kawaida. Mtu anaandika nguvu ya kelele, √(2D/Δt)·ξ, ndani ya kitendaji cha mwendokasi, kisha anakikabidhi kitendaji hicho kwa Runge-Kutta ya daraja la nne. Kitatuzi kinakiita mara nne kwa kila hatua, na kila mara kinapata ξ mpya. Wastani wa uzito wa 1, 2, 2, 1 juu ya 6 unapunguza varianzi hadi 10/36, na D inatoka 0.28 ya inayotarajiwa. Ukitumia kitatuzi kinachojichagulia Δt hali ni mbaya zaidi: kinaona mikwaruzo, kinadhani hatua ni kubwa mno, kinaikata, kinakuta mikwaruzo mikali zaidi, na programu inakwama. Kwa mwendo wa Brown tumia hatua ya Euler-Maruyama iliyoandikwa juu. Ni rahisi, na inatosha kwa kazi nyingi.

## Dalili: WMM unapinda

Chora WMM dhidi ya muda kwa skeli ya logi kwenye mihimili yote miwili. Usambaaji wa kawaida una mteremko wa 1.

Ukipanda vizuri kisha ukawa bapa, na unatumia boksi la kujirudia (chembe ikitoka kulia inaingia kushoto), basi unapima nafasi zilizokwisha kurudishwa ndani. Namba yake haipotei: kila mhimili unatulia kwenye L²/6, L ikiwa urefu wa upande wa boksi. Kwa boksi la µm 10 na mihimili mitatu, bapa litakuwa µm² 50. Ukiwa unapima umbali kwa taswira (nakala ya chembe kwenye boksi jirani) iliyo karibu zaidi, ni L²/12 kwa mhimili, yaani µm² 25. Dawa ni kutunza nafasi mbili kwa kila chembe: moja ya ndani ya boksi kwa ajili ya kukokotoa kani, na nyingine isiyokatwa kwa ajili ya WMM. Kama umeshahifadhi faili na huwezi kuendesha upya, fumua njia kwa kuchukua tofauti kati ya picha mbili (nafasi zilizohifadhiwa) zinazofuatana na kutoa L mara idadi nzima iliyo karibu ya (tofauti/L). Hilo linafaa tu ikiwa chembe haikusafiri zaidi ya L/2 kati ya picha hizo. Ukihifadhi picha kwa uchache mno, njia haifumuliki tena.

WMM ukipinda juu kuelekea mteremko wa 2, kuna mkondo: chembe zote zinasogea upande mmoja, na WMM umekuwa 6Dt + v²t², v ikiwa kasi ya mkondo. Pima wastani wa msogeo wenyewe, bila mraba, kwa kila mhimili. Kwa chembe 10,000 na sekunde 1 unapaswa kuwa ndani ya nm 10 hivi kutoka sifuri, na nm 30 ni mpaka wa mwisho wa kuvumilia. Ukizidi, vyanzo vya kawaida ni namba nasibu za 0 hadi 1 ambazo hazikutolewa 0.5, uzito wa chembe ulioachwa kwenye kani bila kukusudia, au kani kati ya chembe ambayo i inaipokea lakini j hairudishiwi. Jumlisha kani zote za ndani kwa hatua moja. Jumla isipokuwa sifuri kwa usahihi wa kompyuta, kosa ni hilo la tatu.

Wapo wanaoondoa mkondo kwa kutoa mwendo wa kitovu cha kundi. Kwa chembe nyingi ni sawa. Kwa chembe chache unaondoa na usambaaji wenyewe: WMM unapungua kwa sehemu 1/N, hivyo kwa chembe 10 unapoteza asilimia 10 ya D.

Mteremko wa 2 ukionekana mwanzoni tu, na msimbo wako una tungamo la chembe, huo si ugonjwa. Ni mwendo wa chembe kabla maji hayajaituliza. Lakini kwa tufe letu muda huo, m/γ, ni nanosekunde 66. Anayeweka tungamo na Δt ya mikrosekunde 1 ataona mwendokasi ukilipuka, kwa kuwa Δt imepita 2m/γ. Kwa chembe za mikromita ondoa tungamo kabisa. Wala usidhani kwamba kwa kupunguza Δt hadi nanosekunde utapata ukweli wa muda huo mfupi: maji nayo yana inesha yake, na muda wake, ρa²/η (ρ ni densiti ya maji), ni mikrosekunde 0.28, mrefu kuliko ule wa chembe. Mlinganyo rahisi wa Langevin, ule wenye tungamo, ukinzani na kelele, hauna kumbukumbu hiyo ya maji.

Mkia wa WMM ukitikisika ovyo, hakuna kosa, kuna uhaba wa takwimu. Kwenye njia yenye picha 1,000, muda wa picha 500 una madirisha mawili tu yasiyopishana. Chora mstari kwenye sehemu ya kwanza, isiyozidi moja ya kumi ya urefu wa njia.

## Dalili: chembe zinafanana mno

Chora y dhidi ya x. Chembe zote zikitembea kwenye mstari wa nyuzi 45, ξ moja imetumika kwa x na y. WMM utatoka sahihi kabisa, ndiyo maana jaribio la msingi pekee halilinasi kosa hili. Chembe zote zikisogea kama kundi la samaki, ξ moja imegawiwa kwa chembe zote.

Aina ya tatu inauma zaidi: marudio 20 ya uigaji yanatoa jibu lilelile hadi tarakimu ya mwisho, au marudio manne kati ya 20 yanafanana. Mbegu ya namba nasibu imerudiwa. Hutokea sana kazi inapogawanywa kwa prosesa nyingi huku mbegu ikichukuliwa kutoka saa ya kompyuta kwa sekunde nzima: kazi zilizoanza ndani ya sekunde moja zina mbegu moja. Pia hutokea mbegu inapowekwa ndani ya kitanzi badala ya mara moja nje yake, na hapo chembe inapigwa msukumo uleule kila hatua, ikaenda moja kwa moja kama mshale. Kwenye NumPy zaa mbegu zote kutoka moja:

```
mbegu = np.random.SeedSequence(2718).spawn(20)
rng = np.random.default_rng(mbegu[i])
```

Andika namba ya mbegu kwenye faili la matokeo. Bila hiyo huwezi kurudia uigaji ulioharibika ili uuchunguze.

## Dalili: namba zinageuka NaN (si namba) au chembe zinalipuka

Ikitokea mara moja kwa saa kadhaa, hata kwa chembe huru, na umejiandikia mwenyewe Box-Muller (njia ya kugeuza namba za mgawanyo sawa kuwa za Gauss), tazama logi. Namba nasibu za [0, 1) zinaweza kuwa 0, na logi ya 0 haina kikomo. Tumia 1 − u.

Ikitokea kwenye hatua ya kwanza, chembe zimepandana tangu mwanzo. Kani ya kusukumana ya aina ya Lennard-Jones, r⁻¹³, haivumilii hilo. Anza na mpangilio wa gridi, au endesha hatua mia chache bila kelele huku ukiweka kikomo cha msogeo kwa kila hatua, kisha ruhusu kelele.

Ikitokea katikati ya safari, Δt ni kubwa kwa ukali wa kani. Kwa chembe ngumu, kanuni yetu ya kuanzia ni hatua ya kawaida isiyozidi asilimia 1 ya kipenyo. Kwa tufe la µm 1 hiyo ni nm 10, inayodai Δt ya ms 0.1. Ile ms 1 iliyofaa kwa chembe huru haifai hapa.

Lakini kulipuka ni rehema, kwa sababu unakuona. Hatari iko kwa Δt ambayo ni kubwa vya kutosha kuharibu jibu lakini haitoshi kulipua programu, na jaribio bora la kuinasa ni chembe kwenye mtego wa mwanga, wenye kani F = −kx (k hii ni ukakamavu wa mtego, si ile ya kT). Nadharia inasema varianzi ya nafasi ni kT/k. Euler-Maruyama inatoa (kT/k) / (1 − kΔt/2γ), na inalipuka Δt inapofika 2γ/k. Chukua k = 10 pN/µm: γ/k ni ms 0.84, na mkengeuko wastani wa chembe ni nm 20. Ukiendesha kwa Δt = 1 ms hakuna kitakacholipuka. Grafu itakuwa kengele safi ya Gauss. Varianzi itakuwa karibu mara 2.5 ya ukweli. Teremsha Δt hadi ms 0.08 na kosa linabaki asilimia 5. Kwa ms 0.016 ni asilimia 1. Kila kani mpya unayoongeza, tafuta k yake kali zaidi (mwinamo wa kani pale ilipo na mwinuko mkubwa) na uipitishe kwenye hesabu hii.

## Dalili: chembe zinajazana mahali

Kwenye boksi lenye kuta na chembe huru, histogramu ya nafasi lazima iwe bapa kutoka ukuta hadi ukuta. Ikiwa na mnara mwembamba ukutani penyewe, msimbo unaibandika chembe ukutani kila inapovuka. Irudishe kama kioo: ikivuka kwa nm 8, iweke nm 8 ndani.

Ikiwa na mlima mpana unaoanza umbali wa nusukipenyo kadhaa kutoka ukutani, na umeweka D inayopungua karibu na ukuta, umesahau kitu muhimu zaidi katika mwongozo huu. Ni kweli ukuta unapunguza usambaaji: kitovu cha tufe kikiwa umbali wa 2a kutoka ukutani, D ya sambamba na ukuta ni 0.72 tu ya ile ya maji mapana, na ya kuelekea ukuta ni ndogo zaidi. Ila D ikitegemea mahali, kelele peke yake huziacha chembe zikwame pale zinapotembea polepole, na msongamano unakuwa sawia na 1/D. Asili haifanyi hivyo. Maji tulivu hayawezi kukusanya chembe ukutani kwa sababu tu ukinzani ni mkubwa pale. Ongeza mkondo wa (dD/dx)·Δt kwenye hatua, kama Ermak na McCammon walivyoonyesha mwaka 1978, na histogramu itarudi kuwa bapa.

Jaribio: weka D(x) inayobadilika taratibu, ondoa kani zote, endesha muda mrefu, chora histogramu. Isipokuwa bapa, usitumie msimbo huo kwa chembe za karibu na ukuta.

## Dalili: Cholesky inakataa

Chembe zinazoburutana kupitia maji zinahitaji matriksi nzima ya usambaaji, na kelele yake hupatikana kwa kipeuo cha matriksi hiyo, ambacho Cholesky hukitoa kama matriksi ya pembetatu. Ujumbe kwamba matriksi si chanya kwa ukamilifu una maana kwamba umetumia fomula ya Oseen (ya jinsi chembe moja inavyoiburuta nyingine kupitia maji) kwa chembe zilizokaribiana mno. Kwa chembe mbili, muungano kwenye mstari unaoziunganisha ni 3a/2r, r ikiwa umbali kati ya vitovu vyake. Umbali huo ukishuka chini ya 1.5a muungano unapita 1, na hilo haliwezekani kimwili. Tumia fomula ya Rotne-Prager-Yamakawa, ambayo inabaki chanya hata chembe zikipandana, ilimradi uandike na tawi lake la r < 2a. Usiikate fomula hiyo kwa umbali wa kikomo kama unavyokata Lennard-Jones: muungano unafifia kwa 1/r, na ukiukata uchanya unapotea tena. Kwa boksi la kujirudia unahitaji jumla ya Ewald, njia ya kujumlisha mchango wa taswira zote za maboksi jirani.

Cholesky ikipita lakini mwendo wa pamoja wa chembe si sahihi, angalia pembetatu. `numpy.linalg.cholesky` inarudisha ya chini, `scipy.linalg.cholesky` inarudisha ya juu usipoiambia vingine. Kelele inataka ya chini.

Tatizo la mwisho la kundi hili halina ujumbe wowote: D inatoka ndogo, na inapanda ukipanua boksi. Chembe inaburuta taswira zake yenyewe za maboksi jirani. D inayopimwa ni D₀(1 − 2.837a/L), D₀ ikiwa ile ya boksi lisilo na mwisho, kwa hiyo boksi la L = 20a linakunyima asilimia 14. Pima kwa maboksi matatu, chora D dhidi ya 1/L, na usome pale mstari unapogusa 1/L = 0. Kwenye uigaji usio na mikondo ya maji, kama ule wa jaribio la msingi, upungufu huu haupo, usirekebishe kisichoumwa.

## Dalili: uigaji umepita majaribio yote, hadubini inasema vingine

Anza na makali ya kamera. WMM wa hadubini kwenye mihimili miwili ni 4Dt + 4σ² − (4/3)D·tₑ, ambapo σ ni kosa la kutafuta kitovu cha chembe na tₑ ni muda wa kufunguka kwa kamera. Mstari hauanzii sifuri. Ukigawanya nukta ya kwanza kwa 4t badala ya kuchukua mteremko, utapata D ya uongo. Ongeza makosa yote mawili kwenye nafasi za uigaji kabla ya kulinganisha.

Pili, kuzama. Polistirini ya µm 1 inashuka karibu µm 2 kwa dakika, silika ya ukubwa uleule karibu µm 36. Baada ya dakika chache silika yote iko juu ya kioo, na unapima D ya ukutani.

Tatu, ukubwa usiolingana. Jean Perrin, aliyethibitisha fomula ya Einstein (D = kT/γ) kwa hadubini kuanzia mwaka 1908, alizungusha utomvu wake wa gamboji kwenye mashinepewa (mashine ya kutenganisha vitu kwa kuvizungusha kwa kasi) tena na tena ili abaki na chembe za saizi moja, kwa sababu D inafuata wastani wa 1/a.

Mwisho, halijoto ya tone lenyewe. Mnato wa maji ni 1.00 mPa·s kwa nyuzi 20 na 0.80 kwa nyuzi 30, hivyo D ya tufe letu inatoka 0.43 hadi 0.56 µm²/s. Namba ya nyuzi 20 iliyonakiliwa kitabuni haifai kwa maabara isiyo na kiyoyozi mjini Dar es Salaam, na taa ya hadubini huongeza joto lake. Gusisha kipimajoto kwenye slaidi taa ikiwa imewaka nusu saa, na uingize namba hiyo kwenye T na kwenye η kwa pamoja.